Baada ya Semina, Nani Atabisha Hodi?

Hotuba kwenye kufunga mafunzo ya wiki nne ya stadi za maisha na ujasiriamali, Tanga

Mgeni rasmi, wazazi na walezi, wawezeshaji wenzangu, na ninyi wahitimu ambao leo mmependeza kama mnakwenda kuchukua bibi harusi: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wote ambao salamu hizo hazijawafikia, hamjambo? Itifaki imezingatiwa. Nimepewa dakika ishirini na pilau limeshaanza kunukia huko nyuma, kwa hiyo nikizidisha nitakuwa nahutubia viti.

Nianze na kosa langu.

Miaka kama kumi na tano iliyopita, nikiwa ofisa maendeleo ya jamii, niliendesha semina ya kujitambua ya siku tatu. Walikuja watu sitini. Ukumbi wa kukodi, feni mbili, moja inazunguka na nyingine inatuangalia tu. Tulikuwa na bango kitita, kalamu za rangi, soda mchana, na nauli ambayo foleni ya kuisaini ilikuwa ndefu kuliko somo lenyewe. Siku ya tatu nikawaambia wafumbe macho, kila mtu ajione alivyo miaka mitano ijayo. Watu walilia. Mama mmoja wa mstari wa mbele alilia mpaka mtandio ukalowa, nami nikajiona mwalimu wa walimu. Nikaenda ofisini nikaandika ripoti: walengwa sitini wamejengewa uwezo. Maneno hayo, "wamejengewa uwezo", nimeyaandika maishani mwangu mara nyingi kuliko jina la mume wangu.

Mwaka na ushei baadaye nikamkuta mama yule soko la Mgandini. Amekaa palepale, fungu la nyanya, fungu la hoho, bei ileile ya jirani wa kulia na jirani wa kushoto. Akanipokea kwa bashasha. "Mwalimu! Cheti changu ninacho mpaka leo, nimekitia fremu." Nikamuuliza, na biashara je? Akacheka. "Biashara si ndiyo hii unayoiona?"

Nilinunua nyanya nisizozihitaji, nikaondoka. Hakuwa ananilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Kwake semina yangu ilikuwa kama harusi ya jirani: umekula, umecheka, umelia kidogo bibi harusi alipotolewa, picha umepiga, kesho asubuhi unarudi kwenye nyanya zako. Na mimi sikuwahi kupita kumwangalia, hata mara moja, ingawa ofisi yangu na kizimba chake vilikuwa mwendo wa robo saa kwa miguu.

Tangu siku hiyo nimekuwa na swali moja, na ndilo nililowaletea leo. Mafunzo yakiisha, viti vikirudishwa kwa mwenye ukumbi, ni nini kinachomfanya mtu mmoja abadilike kweli na mwingine abaki na fremu ukutani?

Wapo watakaokwambia jibu ni hamasa. Siku hizi mitandaoni wahamasishaji ni wengi kuliko wauza vocha. Amka saa kumi alfajiri, wanasema, matajiri wote huamka saa kumi alfajiri. Jamani! Mama wa mboga wa Ngamiani anaamka saa tisa usiku kuuwahi mzigo ukishushwa. Vijana wa mitumbwi pale Deep Sea wanarudi na samaki wewe ukiwa bado unageuza ubavu. Kama kuamka mapema ndiyo utajiri, mji huu tungekuwa tunaikopesha Dubai.

Hamasa siichukii. Inamtoa mtu nyumbani, inamkalisha kwenye kiti. Lakini ni kama moto wa vifuu: unawaka vizuri sana, na chai ikianza kuchemka umeshazimika.

Sisi watu wa pwani kufundwa hatukuletewa na mradi. Bibi zetu walikuwa na unyago. Mwari anawekwa ndani, anafundwa usafi, lugha ya kusema na wakubwa, namna ya kuishi na watu. Sisemi kila kilichofundishwa mle kilikuwa chema. Yapo mambo ambayo mjukuu wangu hatafundishwa nami nikiwa hai. Ila kuna kitu kimoja ambacho bibi zetu walikijua na sisi wenye bango kitita tulikisahau. Mwari alikuwa na somo wake, yaani yule mwanamke aliyemfunda, na usomo haukuisha siku ya kutolewa ndani. Somo alikuja siku ya ndoa. Alikuja mtoto wa kwanza alipozaliwa. Akisikia mwari wake anagombana na mkwe, alijifunga kanga akaja, akakaa jamvini, akauliza, "Mwanangu, tulifundishana nini?" Cheti hakuna, ripoti hakuna. Lakini mwanamke wa miaka hamsini alikuwa bado anamwogopa na kumpenda mtu aliyemfunda akiwa kigori.

Kuna na jeshi. Mimi ni wa kizazi kilichokwenda JKT kwa lazima baada ya kidato cha sita. Jeshi la Kujenga Taifa lilianza mwaka 1963, ule utaratibu wa lazima ukasimamishwa 1994, ukarudishwa 2013, kwa hiyo hapa ndani wapo kina mama wa umri wangu na vijana wa juzi tunaoimba nyimbo zilezile za mchakamchaka. Hakuna afande aliyenikalisha kitini kunieleza nidhamu ni nini. Nilitandika kitanda kila asubuhi mpaka mkono ukazoea, na hadi leo siwezi kutoka chumbani nikaacha shuka limejikunja. Mume wangu ni shahidi, na ni mhanga pia.

Sasa tutoke nje ya nchi kidogo, twende Lomé, mji mkuu wa Togo. Mwaka 2014 watafiti, wakiwemo wa Benki ya Dunia, waliwachukua wafanyabiashara wadogo 1,500. Wakawagawa kwa bahati nasibu mafungu matatu ya watu 500. Fungu la kwanza halikupewa kitu. La pili likapewa mafunzo ya biashara tunayoyajua wote hapa: kutunza hesabu, masoko, mtaji, kusimamia wafanyakazi. La tatu likafundishwa kitu kingine kabisa, yaani kuanza jambo kabla hujaambiwa, kuona mbele kuliko jirani yako, na kikwazo kikija, kutafuta mlango mwingine badala ya kukaa chini. Mafungu hayo mawili yalisoma kwa muda uleule, saa 36, wiki nne, kama ninyi.

Halafu wakawafuatilia zaidi ya miaka miwili. Waliofundishwa hesabu na masoko, faida yao ilionekana kupanda kwa asilimia 11, lakini tofauti hiyo ilikuwa ndogo kiasi kwamba wenyewe watafiti hawakuthubutu kusema imeletwa na mafunzo. Waliofundishwa kuanza bila kuambiwa, faida ilipanda kwa asilimia 30. Ukiwatazama wanawake peke yao ndipo utashangaa: wale wa hesabu asilimia 5, wale wengine asilimia 40.

Niliposoma habari hiyo nilisimama nikazunguka meza. Miaka yote nimewafundisha kina mama wa Tanga kuchora safu ya "pesa iliyoingia" na safu ya "pesa iliyotoka". Sikatai, daftari ni muhimu. Lakini daftari linakuonyesha ulikotoka tu. Yupo mwanamke wa kule Togo aliyekuwa anakodisha magauni ya harusi. Alikodisha miaka na miaka. Baada ya mafunzo akajiuliza, huyu bibi harusi anayetoka hapa na gauni langu, anapitia wapi tena kabla hajafika kanisani? Anakwenda kutafuta shela. Anakwenda kutafuta glavu. Wengine hawataki la kukodi, wanataka gauni jipya. Hela ilikuwa inampita mlangoni kila Ijumaa na alikuwa anaifungulia mlango itoke. Akaanza kuuza hivyo vyote.

Mmoja wa wataalamu wa utafiti ule ni mwanasaikolojia Mjerumani, Michael Frese. Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989, yeye na wenzake waliwalinganisha wafanyakazi wa Ujerumani Mashariki na wa Magharibi. Wakaona wale wa Mashariki walikuwa nyuma katika kuanza jambo wenyewe. Mtu mvivu wa kufikiri angesema watu wa Mashariki ndivyo walivyozaliwa. Hao wakaangalia kazi zenyewe, wakakuta sababu mojawapo kubwa ni hiyo: ukimweka mtu miaka ishirini kwenye kazi ambayo kila kitu anaamuliwa, hata pa kuweka bisibisi, mwisho anaacha kuamua. Kwa hiyo kusubiri kuambiwa ni kitu mtu anachojifunza kazini, kama alivyojifunza kushika jembe. Na kilichojifunzwa kinaweza kufundishwa upya. Nawaomba wazazi mlio hapa mlishike hilo, maana kuna mama mmoja hapa, simwoni vizuri bila miwani, jana aliniambia mwanawe "ni mzito tu tangu tumboni". Mama, kwani huyo kijana umeshawahi kumwachia aamue hata mboga ya jioni?

Jambo la Lomé ambalo watu hawalisimulii ni hili. Baada ya wiki zile nne, mkufunzi alimtembelea kila mfanyabiashara dukani kwake mara moja kwa mwezi, kwa miezi minne. Alifika akakaa akauliza, ulisema utafanya hivi, umefanya? Yaani Waafrika wenzetu walimrudisha somo jamvini, ila safari hii kaja na pikipiki. Gharama yake haikuwa ndogo, kama dola 750 kwa kila mtu, na ndiyo maana wafadhili wengi hukata kwanza kipengele cha ufuatiliaji. Soda hazikatwi, kwa sababu soda zinaonekana kwenye picha.

Baada ya kusoma hayo nilijaribu mwenyewe. Nisiwadanganye, sikuwa na dola 750. Nilikuwa na baiskeli na ushamba wangu. Katika kundi moja dogo alikuwemo mama ntilie wa Ngamiani, barabara za juu huko, mwenye banda la mabati matatu. Anapika wali maharage, samaki wa kupaka, na chapati. Nilimtembelea mara ya kwanza saa tano asubuhi. Sufuria zimejaa, wateja wanne. Nikamuuliza swali moja tu tulilokuwa tumelifanyia zoezi darasani: "Nani hajaja leo, na kwa nini?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Nitajuaje asiyekuja?"

Nikamwambia, kaa ufikiri, sina haraka. Akakoroga maharage. Akapuliza moto. Akasema, wale vijana wa bodaboda wa kijiwe cha pale kona zamani walikuwa wanakuja, sasa hawaji. Kwa nini? Hajui. Nikamwambia, nenda kaulize. "Sasa hivi?" Sasa hivi, sufuria nitakulindia mimi. Akavua aproni, akaenda. Nilimwona kwa mbali akisema nao, mkono kiunoni. Akarudi anacheka. "Eti wakiondoka kijiweni kuja kula, abiria anachukuliwa na mwingine. Wanashindia mihogo kwa sababu mihogo inawafuata walipo."

Ziara ya pili nilikuta amenunua hotipoti mbili kuukuu na kijana wa kuzipeleka. Sahani za bati, kila sahani ina namba iliyoandikwa kwa rangi ya kucha, ili zisipotee. Ziara ya tatu alikuwa na vijiwe vitatu na tatizo jipya: wanakula kwa mkopo. Tukakaa kwenye benchi, tukafikiri pamoja. Mwenyekiti wa kijiwe akapewa kazi ya kukusanya kila jioni, na yeye analishwa bure. Ziara ya nne sikuwa na la kumfundisha. Yeye ndiye aliyeniuliza mimi: "Na wewe mwalimu, kwenye semina zako, nani hajaja na kwa nini?"

Swali hilo bado linanikera. Jibu lake ni kwamba wasiokuja ni wenye watoto wachanga, wenye wagonjwa nyumbani, na wale ambao kukosa kibarua cha siku moja ni kulala njaa. Hapo Dar es Salaam mwaka 2008 wachumi waliwapa mafunzo ya biashara wakopaji wadogo, yakiendeshwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vipindi 21 vya dakika 45. Wanaume biashara zao zilipata nguvu, hasa mafunzo yalipofuatana na ruzuku ya mtaji. Wanawake mabadiliko yalikuwa hafifu. Mtu atasema wanawake hawakuelewa. Wanawake walielewa vizuri sana, ila mtu anaporudi nyumbani saa kumi na mbili akakuta maji hayajachotwa, mtoto ana homa, na shemeji kaja kuazima hela ya duka, hayo uliyomfundisha atayafanyia saa ngapi? Kumfundisha mtu mmoja katika nyumba ya watu saba ni kumpa kasia moja.

Uganda kuna mfano ninaoupenda. Shirika la BRAC lilianzisha vilabu vya wasichana vijijini, hufunguliwa jioni siku tano kwa wiki, mlezi wake ni msichana wa palepale aliyewazidi umri kidogo. Wanacheza, wanasoma, wanafundishwa habari za mwili wao, namna ya kukataa na namna ya kujadiliana, pamoja na ufundi wa mkono. Baada ya miaka minne, mimba za utotoni katika vijiji hivyo zilikuwa zimepungua kwa theluthi moja, na wasichana wengi zaidi walikuwa wanajipatia kipato. Klabu ilikuwa hapo kijijini, jirani na kisima. Haikuwa hoteli ya mjini yenye kapeti.

Na Liberia, niwaambie hii kwa sababu kuna kijana hapa aliyeniuliza juzi, "Mama, na aliyeharibika kabisa naye anafundishika?" Mjini Monrovia, baada ya vita iliyokwisha mwaka 2003, walikuwepo vijana wanaoishi kwa wizi, unga na visu. Watafiti na shirika moja la kule wakawachukua wanaume 999 wa aina hiyo, na kura ikaamua nani apate nini. Baadhi walipewa wiki nane za mafunzo ya kubadili fikra na mwenendo. Waliowafundisha walikuwa watu waliopita njia hiyohiyo. Kazi ya nyumbani ilikuwa hivi: nyoa, oga, vaa shati safi, nenda supamaketi, tembea ndani, angalia vitu, toka. Nenda benki, uliza namna ya kufungua akaunti. Mnaweza kucheka. Lakini mtu aliyezoea kufukuzwa na mlinzi kila mlango, siku anapopita na mlinzi akamwambia "karibu", kuna kitu ndani yake kinakaa mahali pake.

Baadhi yao walipewa mafunzo peke yake, wengine dola 200 peke yake, wengine vyote viwili. Mwaka mmoja baadaye waliopata mafunzo peke yake walikuwa wameanza kurudi walikotoka. Waliopata vyote viwili hawakurudi. Na walipotafutwa tena baada ya miaka kumi, uhalifu wao ulikuwa chini kwa karibu nusu kuliko wale wasiopewa kitu. Wanavyodhani watafiti, ile pesa iliwanunulia miezi michache ya kuendelea kuwa yule mtu mpya waliyemfanyia mazoezi.

Mgeni rasmi, hapa naomba nikuangalie wewe usoni. Halmashauri zetu zina fungu la asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Jambo zuri sana, na mimi nimelitumikia. Lakini nimeona kikundi kinafundishwa Machi na mkopo unatoka Machi ya mwaka wa pili yake, wakati katibu ameshaolewa Handeni na mweka hazina yuko Muscat kwa kazi za ndani. Nimeona pia pesa inafika kabla ya mafunzo, watu wanagawana kama ubani wa hitima. Vitu hivi viwili vikija pamoja vinafanya kazi. Vikipishana, kila kimoja kinamlaumu mwenzake.

Na kwa kuwa tuko hapo, naomba wawezeshaji tupumzike kidogo na sabuni ya maji. Kila mafunzo, sabuni ya maji na batiki. Kuna mtaa hapa Makorora kila nyumba inatengeneza sabuni ya maji, wanauziana wenyewe kwa wenyewe, wanashinda safi lakini hawana hela.

Nina la huzuni pia. Kijana mmoja, mtoto wa jirani yangu, alikuwa na kazi ya utunzaji wa ghala. Mshahara mdogo lakini haukosi. Akahudhuria kongamano moja, mtoa mada akasema ajira ni utumwa wa kisasa, mwenye akili anaacha kazi leo. Jumatatu akaandika barua ya kuacha kazi. Mama yake alikuja kwangu usiku, kanga imepinduliwa. Kijana alinunua vifaranga mia tatu kwa mafao aliyopata. Kideri kikapita, vikabaki kumi na vinne. Miaka miwili alikuwa haniangalii usoni, kana kwamba ni mimi niliyesema yale maneno. Na kwa kiasi fulani, wanangu, ni sisi wenye kushika kipaza sauti tuliosema. Mtoa mada alikwishapanda basi. Hakuna aliyebisha hodi kwa yule kijana vifaranga vilipoanza kupinda shingo.

Sasa hivi ameajiriwa tena, anaendesha foklifti, na anafuga kuku arobaini nyuma ya nyumba, wamechanjwa wote. Alijifunza. Ila alijifunza kwa bei ambayo angepunguziwa.

Kwa hiyo wale mnaokwenda kutafuta ajira msione aibu. Mafunzo haya ni yenu kama ya wenzenu wa biashara. Hapa Tanga sasa hivi kila mtu anazungumza bandari, na bomba la mafuta linaloshuka kutoka Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443. Fursa, fursa, fursa. Mimi nimekaa kwenye meza za usaili, niwaambie tunachokitazama. Vyeti vinafanana. Tunamtazama yule anayesema, "Hilo silijui, lakini nikipewa nafasi nitauliza kwa fulani." Tunamtazama aliyefika akaokota karatasi iliyoanguka bila kuangalia kama kuna anayemwona. Na akishaajiriwa, anayepanda ni yule anayemwambia msimamizi, "Bosi, mashine hii inaungua kila Alhamisi, nimeangalia, nadhani ni kwa sababu hii." Mashine inaungua mbele ya watu kumi, tisa wanasubiri fundi.

Naona mwezeshaji ananionyesha saa. Namalizia.

Wahitimu, mmegundua kuwa hapa mezani hakuna bahasha. Najua kuna wazazi wamekuja na simu zimechajiwa kwa ajili ya picha ya cheti, na nawaomba radhi kwa sababu wazo hili ni langu na wenzangu nimewalazimisha. Vyeti hamvipati leo.

Vimeshachapishwa, majina nimeyahakiki mwenyewe, viko kabatini kwangu. Kila mmoja wenu jana aliandika kwenye karatasi jambo moja atakalolianza kabla ya mwezi kuisha. Karatasi hizo tumezigawana wawezeshaji watano. Mimi nimechukua Mabawa, Makorora na barabara za Ngamiani, watu kumi na mmoja. Nitaanza Jumanne ijayo, saa tatu asubuhi, kwa binti anayetaka kushona sare za shule. Binti, sitaki chai, nataka kuiona cherehani iko upande gani wa dirisha. Tutakuja mara nne, mwezi hadi mwezi. Asiyekuwepo tutamsubiri kwa jirani. Aliyeshindwa tutakaa naye jamvini vilevile kama aliyefanikiwa, na huenda kwake tukakaa zaidi. Ziara ya nne ndiyo nitakayokuja na cheti mkobani, tukipiga picha tupigie hapohapo, kwenye banda, kwenye genge, au kwenye geti la kazini kwako.

Na yule mama wa nyanya, kwa kuwa najua mtaniuliza: nilirudi kwake. Nilichelewa miaka, lakini nilirudi. Siku hizi anazisaga nyanya zinazobaki jioni pamoja na vitunguu na pilipili, anaziuza asubuhi kwenye vikopo kwa kina mama wa chipsi. Wazo lilikuwa lake mwenyewe. Mimi nilikaa tu kwenye ndoo iliyopinduliwa nikauliza, "Hizi zilizobaki jana zimekwenda wapi?"

Mgeni rasmi, karibu. Halafu pilau.